Kutapika kwa Mjamzito si Deko



Mama mjamzito akikosa kazi siku mbili tatu kwa sababu ya kutapika, maneno huanza. Wenzake husema anadeka. Msimamizi husema mimba si ugonjwa. Ni kweli kwamba kichefuchefu cha miezi ya kwanza mara nyingi hupita chenyewe. Lakini kuna kutapika kwingine kusikoacha hata maji tumboni, ambako humkondesha mama na kwaweza kumharibu ubongo kwa muda wa majuma machache. Yafaa tukujue, maana wa kwanza kuona dalili huenda akawa mwenzake wa kazini, wala si daktari.

AKIBA NI NDOGO

Mwili hutumia vitamini B1, iitwayo pia thiamini, ili kugeuza wanga na sukari ya chakula kuwa nguvu. Imo katika maharage, karanga, unga wa dona na mchele usiokobolewa sana. Mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe, na akiba yake ni miligramu 30 hivi tu. Mtu asipopata nyingine, akiba hiyo huisha kwa majuma mawili au matatu. Mjamzito huhitaji zaidi ya kawaida, na anayetapika kila alacho hapati kitu. Ubongo, unaotumia sukari usiku na mchana, huwa wa mwanzo kuumia.

MSHONAJI WA BERLIN

Mwaka 1881 daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza habari za wagonjwa watatu. Wawili walikuwa wanaume walevi. Mwingine alikuwa mfanyakazi kama sisi, mwanamke mshona nguo wa miaka 20. Yeye hakuwa mlevi, wala si mimba iliyomtapisha. Alikuwa amekunywa tindikali, tumbo likapata kovu, chakula kikakosa njia. Alitapika mfululizo, kisha macho yakaharibika, akayumba, na hatimaye akafa. Wernicke alikuta vitone vya damu katikati ya ubongo. Sababu hakuijua, kwani vitamini zilikuwa hazijagunduliwa; thiamini yenyewe ilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1926, katika pumba za mchele huko Java.

Tangu wakati ule ugonjwa huu umehesabiwa kuwa wa walevi. Hapo ndipo penye hatari. Mama asiyegusa pombe hafikiriwi kuwa nao.

DALILI NA TIBA

Dalili kuu ni tatu: akili kuchanganyikiwa au kusahau, macho kuchezacheza au kuona vitu viwili viwili, na kuyumba katika kutembea. Zisingojewe zote. Katika habari za wajawazito 49 zilizokusanywa na kuchapishwa mwaka 2006, waliokuwa na dalili zote tatu hawakufika nusu. Karibu nusu ya mimba zao ziliharibika.

Tiba si ya ajabu: ni thiamini kwa sindano, tena mapema. Lakini utaratibu wake una maana. Mama akitundikiwa dripu ya sukari kwanza, sukari hiyo humaliza thiamini kidogo iliyobaki, na hali huzidi. Thiamini itangulie. Akicheleweshewa, mama aweza kupona lakini asirudiwe na kumbukumbu zake.

Kwa hiyo anayemsindikiza hospitali aseme wazi: "Ametapika majuma matatu, hakuna kinachokaa tumboni, na tangu juzi anayumba." Maneno hayo machache yaweza kumwokoa.

HAKI YAKE KAZINI

Wanaosema mama anajitia ugonjwa, sayansi imewajibu. Desemba 2023 watafiti, akiwemo Marlena Fejzo wa Marekani, walionyesha kwamba chanzo kikubwa ni homoni iitwayo GDF15, itokayo kwa mtoto na kondo la nyuma. Fejzo mwenyewe alipoteza mimba yake mwaka 1999 kwa kutapika huku.

Nayo sheria ya kimataifa iko wazi. Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unasema mama apate likizo ya uzazi isiyopungua majuma 14. Ibara ya 5 yaongeza kwamba akiugua kwa sababu ya mimba, kwa cheti cha daktari, apewe likizo nyingine kabla au baada ya hiyo. Ibara ya 8 yakataza kumfukuza kazi kwa sababu ya mimba.

Basi kila tawi lifungue mkataba wake wa hiari na mwajiri, litazame kama ugonjwa wa mimba umetajwa. Kama haumo, udaiwe katika mazungumzo yajayo. Na mama akianza kuyumba karibu na mashine yake, mtu asicheke. Itafutwe gari.