Lori kuukuu: Soma injini kabla ya kuagiza spea

MSIMU wa mavuno ndio wakati lori la mazao linapohitajika zaidi, na ndio wakati lori kuukuu linapopenda kuharibika. Injini huanza kula oili mapema, mwenye lori akavumilia, na ifikapo Julai, mahindi yakiwa yanasubiri usafiri Rukwa na Ruvuma, lori haliwezi tena kupanda mlima likiwa na mzigo.

Hapo injini hushushwa, na dereva hutumwa Kariakoo, eneo la Gerezani, kutafuta spea. Mara nyingi anachokuwa nacho mkononi ni jina la lori tu.

Jina hilo halitoshi. Malori mengi ya Uingereza ya miaka ya 1960 na 1970, Dodge yakiwa miongoni mwake, yalitoka kiwandani na injini ya Perkins, kampuni iliyoanzishwa Peterborough mwaka 1932. Injini hizo hizo zilifungwa pia kwenye matrekta, mashine za kuvunia na mitambo ya ujenzi. Aidha, katika miaka 40 au 50 ya kazi, lori linaweza kuwa limebadilishiwa injini zaidi ya mara moja, na mwenye lori wa sasa asijue.

Tuchukue mfano wa lori la tani saba, linalobeba magunia 70 ya kilo 100 na kwenda safari tatu kwa wiki. Likisimama wiki mbili kwa sababu spea iliyoletwa si yake, ni magunia 420 ambayo hayakusafiri. Nauli hiyo hairudi, na mkulima aliyekuwa akilitegemea huuza shambani kwa bei ya mlanguzi. Gharama ya spea yenyewe, ambayo duka linaweza kukataa kuirudisha kwa kuwa imeshafunguliwa, huenda ikawa ndogo kuliko hasara hiyo.

Kwa bahati nzuri Perkins walizipa injini zao majina yenye maana. Katika 4.236, tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, na 236 ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo, yaani karibu lita 3.9. Injini ya 6.354, iliyoingia sokoni mwaka 1960, ina silinda sita na inchi za ujazo 354, sawa na lita 5.8.

Jina hilo hupatikana kwa kusoma namba iliyogongwa kwenye sehemu bapa ubavuni mwa bloku. Kwenye injini kuukuu sehemu hiyo hufunikwa na grisi, vumbi na rangi. Isuguliwe kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, kisha ipakwe chaki na kufutwa juu juu. Chaki hubaki ndani ya maandishi na namba huonekana. Tindo na mashine ya kusaga visitumike, maana namba ikifutika haipatikani tena.

Kuanzia mwaka 1974 namba hiyo ina mpangilio mmoja. Tuseme inasomeka LD22000U500123H. Herufi LD zinaonyesha kuwa ni injini ya 4.236; zingekuwa LF ingekuwa 4.248. Herufi U inaeleza kuwa imetengenezwa Uingereza, 500123 ni namba yake ya mfululizo, na herufi ya mwisho ni mwaka: A ni 1974, B ni 1975, hivyo H ni 1981.

Tarakimu za katikati, hapa 22000, ndizo ambazo wengi huziacha wanaponakili, na ndizo zenye thamani kubwa kwa muuza spea. Zinataja orodha ya vipuri vilivyofungwa kwenye injini hiyo tangu kiwandani. 4.236 ya trekta na ya lori zinaweza kufanana bloku, lakini bakuli la oili la trekta la Massey Ferguson ni la chuma kizito kwa sababu linabeba uzito wa trekta lenyewe. Pampu ya dizeli na nyumba ya flaiwili nazo hutofautiana. Namba inakiliwe yote, pamoja na ile iliyo kwenye kibati cha pampu.

Hata hivyo, namba inaeleza injini ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Haielezi fundi wa mwaka 1995 alifanya nini. Ndiyo maana vipimo ndivyo vyenye neno la mwisho.

4.236 na 4.248 zinafanana kwa macho, na mwendo wa pistoni ni milimita 127 kwa zote mbili. Lakini kipenyo cha silinda ni milimita 98.4 kwa ya kwanza na takriban 101 kwa ya pili. Tofauti hiyo ya milimita mbili na nusu inatosha kuifanya seti nzima ya pistoni na ringi kuwa chuma chakavu. Kipimo kichukuliwe juu kabisa mwa silinda, mahali ambapo ringi hazifiki, kwa kuwa chini ya hapo silinda imeshalika.

Kwa upande mwingine, 6.354 ina kipenyo na mwendo ule ule wa 4.236. Muuzaji anaweza kusema pistoni ni zile zile. Kabla ya kulipa, pistoni mpya ilinganishwe na ya zamani: unene wa pini, urefu kutoka pini hadi juu, na umbo la shimo la kuchomea mafuta.

Krankshafti ina historia yake. Kila inapochongwa hupungua, kwa kawaida kwa hatua za milimita 0.25, na hudai beringi nene zaidi. Beringi kuukuu igeuzwe: mgongoni mara nyingi pameandikwa STD kwa ile ya kawaida, au 0.25, 0.50 na kuendelea. Maandishi hayo yathibitishwe kwa maikromita, na kama shafti inachongwa tena, beringi zinunuliwe baada ya kuchonga. Kuzinunua kabla ni kubahatisha.

Oili sili ya nyuma ya krankshafti nayo ni ya aina mbili, ya kamba kwenye injini za zamani na ya mpira kwenye zilizofuata. Hiyo ya zamani ibebwe kwenda dukani.

Jambo jingine linahusu kadi ya gari. Namba ikishasomeka vizuri kwenye bloku, ilinganishwe na iliyo kwenye kadi. Zisipofanana, huenda injini ilibadilishwa bila taarifa kupelekwa Mamlaka ya Mapato, na ni afadhali mwenye lori alimalize hilo wakati injini iko chini, kabla ya askari wa barabarani au kampuni ya bima kuligundua.