Mtaji Unaoliwa na Maneno ya Watu

Kabla sijashika kalamu niliuza vitenge. Nilivinunua kwa jumla Arusha, nikavipeleka Namanga na kuvuka navyo upande wa Kenya. Katika biashara hiyo nilikuwa na kawaida moja ya kipumbavu. Alfajiri ya safari sikupanda daladala kituo cha mtaani kwetu. Nilichukua bodaboda, nikazungukia nyuma ya shule hadi kituo cha mbali, ili majirani wasinione na furushi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita. Mtu wa kidato cha sita na furushi kichwani!

Siku moja nikapiga hesabu. Bodaboda ya kwenda na ya kurudi ilikula karibu faida yote ya kitenge kimoja, kila safari. Nilikuwa nalipia aibu kama wengine wanavyolipia ushuru, tofauti ni kwamba mimi sikupewa risiti.

Msomaji mwenye duka la mpakani huenda akacheka, lakini wengi wetu tuna bodaboda yetu ya siri. Mwanamke akilala siku mbili nje ya nyumbani, huulizwa na wasiohusika: "Huko analala wapi?" Swali hilo halitaki jibu, maana aliyeuliza ameshajijibu. Mwanamume anayevuka na magunia mawili ya vitunguu naye husemwa kwamba kazi zimemshinda. Basi yule mama anaacha kusafiri soko linapokuwa zuri, na yule baba anatafuta kijana wa kumbebea, naye anataka mgawo wake.

Kuna na suala la lugha. Mtanzania akifika dukani husema, "Naomba kilo mbili." Mkenya husema, "Nipe kilo mbili," wala hana ugomvi na mtu. Arusha wanamwona hana adabu. Nairobi wanamwona yule wa "naomba" ni mpole, na bei inapanda hapo hapo. Mganda ndiye huchekwa zaidi kwa sababu ya ngeli. Kule Busia, upande wa Uganda, nilikutana na mama auzaye wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Sisi tunawaita dagaa, Wakenya omena, kwao ni mukene. Wateja wa ng'ambo walimcheka kila alipofungua kinywa, naye akacheka pamoja nao huku akipima. Nikamuuliza kama hasikii vibaya. Akasema, "Dada, Kiswahili yangu ni mbaya, lakini mizani yangu ni nzuri."

Jibu hilo nilikaa nalo siku nyingi, kwa sababu mimi mambo yangu yalikuwa kinyume. Kiswahili changu kilikuwa safi, na nilikuwa napita njia ya panya.

Watu hudhani kila apitaye vichochoroni anakwepa kodi. Wapo. Lakini wapo pia tuliopita huko kwa haya tu. Sikutaka kusimama kwenye foleni pamoja na madereva wa malori na mawakala wa forodha, niulizwe swali mbele yao, nikose jibu. Elimu yangu ilinizuia kuuliza! Kumbe utaratibu wenyewe si wa kutisha. Mzigo wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, na hutolewa na maofisa wa forodha pale pale mpakani. Kinakuondolea ushuru wa forodha. Hakifuti kodi nyingine, wala hakichukui nafasi ya kibali cha afya ya mimea kwa mwenye mchele au maharage. Na vitenge vyangu vilitoka China, hivyo havikuwa na haki ya cheti hicho hata kidogo.

Jambo hilo ningelijua kwa kuuliza dakika tano. Nililijua furushi lilipokamatwa. Nusu ya mtaji ikaenda, na sikuwa na wa kumlaumu. Tena mimi nilikuwa na bahati: aliyenikamata alikuwa ofisa mwenye sare. Vichochoroni hukutana wanawake na watu wasio na sare, wanaodai pesa, na wengine wanadai makubwa kuliko pesa, na aliyejificha hana pa kwenda kushtaki. Kituo cha pamoja cha Namanga kilizinduliwa rasmi Desemba 2018, na siku hizi shughuli za nchi mbili zinafanywa chini ya paa moja. Njia za panya bado zina wapitaji.

Lakini kinachomaliza mitaji kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kadi za michango. Ukirudi safari, mtaa mzima unajua. Kabla hujatua begi, kamati ya harusi imefika. Wiki ijayo kuna send-off, wiki nyingine ubatizo. Unatoa usichoweza ili usiitwe bahili, halafu Jumatatu unakwenda kwa wale wa kausha damu kukopa pesa ya mzigo. Yule mama wa Busia aliniambia ana kiwango chake cha mchango, hakipandi hata bwana harusi akiwa mtoto wa mwenyekiti. Siku ya sherehe huwahi asubuhi, akapika na kuosha masufuria mpaka usiku. Wanamwita mchoyo. Ada za watoto wake zimelipwa, na hana deni kwa mwenye mashua.

Hata hivyo, si kila neno la watu ni la kupuuza. Huyo huyo mama, mteja alipolalamika kwamba dagaa wana mchanga, aliacha kucheka, akamwaga beseni zima na kuanza kupepeta upya. Kiswahili chake wakikisema, ni chao. Mzigo wake wakiusema, anasikiliza.

Mimi nilichelewa. Safari chache kabla sijaacha biashara, bodaboda wangu hakutokea, na basi la Namanga halingojei mtu. Nikajitwika furushi, nikaenda kusimama kituo cha mtaani kwetu, jua linachomoza, kila mtu ananiona. Mama mwenye genge pale kituoni akaacha kupanga nyanya, akanitazama juu mpaka chini. Nikajiandaa kwa maneno.

"Kumbe unauza vitenge?" akasema. "Miaka yote hii nanunulia mjini! Hebu fungua."

Alichukua viwili, kimoja kwa mkopo. Cha mkopo namdai mpaka leo.