Je, Wajua? Nakala Iliyobaki Baada ya Picha Kupotea

Mchoraji Peter Paul Rubens alikuwa na miaka 51, tajiri na maarufu Ulaya nzima, alipofika Madrid mwaka 1628 na kukaa kunakili picha za mchoraji aliyemtangulia, Titian, katika jumba la Mfalme Felipe IV wa Hispania, kama mwanafunzi! Mojawapo ilikuwa ya Kaisari Charles V na mkewe Isabella. Ile ya Titian ilipotea baadaye. Leo tunaijua kupitia nakala hiyo ya Rubens.

Desturi hiyo ya kunakili bado ipo: jumba la makumbusho la Louvre, Paris, lililofunguliwa 1793, hadi leo hupokea wanaojifunza kwa kunakili kwa rangi za mafuta. Ila nakala lazima ipungue au izidi ukubwa wa picha yenyewe kwa moja ya tano, isije ikauzwa sokoni kama halisi. Saini ya mchoraji hainakiliwi.