Kazi Mbili, CV Mbili: Andika Kulingana na Kazi Unayoomba

Uko Magunga. Umesikia wakala wa pesa anatafuta msaidizi wa duka. Jioni rafiki anakutumia tangazo lingine: kambi ya watalii karibu na Mbuga ya Ruma inataka mtu wa kupokea wageni. Unakimbia saiba, unaprinti nakala mbili za CV ile ile uliyoandika ulipomaliza fomu four, unazipeleka. Halafu kimya.

Mara nyingi shida si masomo yako. Ni kwamba mwajiri hakuiona kazi yake kwenye karatasi yako.

Anza na tangazo

Lisome ukiwa na kalamu. Pigia mstari kila kitu wanachotaka, kisha ujiulize: mimi nimewahi kufanya hili wapi? Hata kama hukulipwa mshahara, andika.

Tuseme umemsaidia mama kuuza samaki Sindo kwa miaka miwili, na wewe ndiye mweka hazina wa chama.

Kwa wakala: anachoogopa ni floti kupotea na pesa kutumwa namba isiyo sawa. Kwa hivyo usiandike tu "mchapakazi na mwaminifu", kila mtu huandika hivyo. Andika: "Mweka hazina wa chama cha watu 20. Napokea michango kila wiki, naandika kitabuni na kufunga hesabu siku hiyo hiyo." Hiyo iwe juu kabisa.

Kwa kambi: Ruma ndiyo mahali pekee Kenya ambapo korongo, yule swala mkubwa, bado anaishi porini. Wageni husafiri mbali kumwona. Hapa tanguliza lugha zako, Dholuo, Kiswahili na Kiingereza, unavyozijua njia za Lambwe, na kwamba umezoea kuhudumia wateja sokoni. Chama kitabaki mstari mmoja chini.

Maisha ni yale yale, umebadilisha mpangilio tu. Lakini usiongeze uongo, utaulizwa kwenye mahojiano. Kurasa mbili zinatosha.

Namba yako ya simu

Weka namba iliyosajiliwa kwa jina lako. Mwajiri akikulipa kwa simu, jina litakalotokea lifanane na la kitambulisho. Namba ya kitambulisho yenyewe usiiweke kwenye CV unayosambaza kila mahali. Tapeli akiipata pamoja na namba ya simu, anaweza kujaribu kuiteka laini yako. Itoe mwajiri halali anapoihitaji. PIN haihitajiki na mwajiri yeyote, hata mara moja.

"Umechaguliwa, tuma ada"

Ukipata ujumbe kwamba umepata kazi ambayo hukuitiwa hata mahojiano, na unatakiwa kutuma pesa ya "usajili" au "sare" kwa namba ya mtu binafsi, simama hapo. Usitume. Tafuta namba ya ofisi hiyo wewe mwenyewe, uwapigie. Kama umeshatuma, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, kabla pesa haijatolewa.

Kuna gharama za kweli, kama cheti cha tabia njema cha polisi. Hicho unakiomba na kukilipia mwenyewe kupitia eCitizen, si kwa kumtumia ajenti pesa mkononi.

Kwa hivyo kabla ya kurudi saiba, chukua tangazo na kalamu. Shilingi chache za kuprinti CV ya pili zinaweza kukupa mshahara wako wa kwanza.