Nyumba za Kale za Pwani: Jasho la Bara Limo Ukutani

Mkazi wa Rudewa, wilayani Kilosa, akishauriwa kuitumia likizo yake kwa kulala siku mbili katika nyumba ya kale iliyokarabatiwa kando ya bahari, yaelekea atatabasamu na kusema kwamba mambo hayo ni ya watalii. Yeye ni mtu wa mkonge na mahindi. Bahari ina wenyewe, na majumba ya mawe ni ya matajiri waliyoyajenga. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fikra hiyo si sahihi. Watu wa bara wana haki ya zamani katika majumba hayo, na haki hiyo inafuatana na wajibu.

NJIA YA MISAFARA

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Usagara, nchi ya milima inayoonekana kutoka tambarare za Kilosa. Wapagazi walirudi pwani wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila 2, yaani kilo 32 hivi, na mwendo ulikuwa wa miezi.

Kutoka Bagamoyo pembe hizo zilivushwa kwa majahazi hadi Unguja, zikanunuliwa na wafanyabiashara wa Kiarabu, wa Kihindi, wa Ulaya na wa Marekani. Fedha za pembe, pamoja na za karafuu na za biashara ya watumwa, ambao soko lao la Unguja lilifungwa mwaka 1873, ndizo zilizoinua majumba mengi ya Mji Mkongwe. Basi mtoto wa Rudewa anayepanda ngazi za nyumba mojawapo ya hizo asijione mgeni. Huenda babu wa babu yake aliilipia kwa mabega.

NYUMBA ILIVYOJENGWA

Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya tanuri la magogo. Sakafu za ghorofa zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haina urefu mkubwa, vyumba vingi ni vyembamba, upana wake ukiwa mita 3 hivi, lakini huwa virefu na dari zake ziko juu. Unene wa kuta huzuia joto la mchana, na ua wa katikati huvuta upepo.

Nje pana baraza ya mawe, mahali pa mazungumzo na pa kumpokea mgeni asiyetakiwa kuingia ndani. Kisha pana mlango wa nakshi, ambao ukubwa wake ulitangaza hadhi ya mwenye nyumba. Mzazi anaweza kumfundisha mtoto historia nzima ya pwani kabla hawajavuka kizingiti.

ADUI NI MAJI

Mkazi wa Kilosa haelezwi nguvu ya maji. Anayakumbuka mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyowaacha maelfu ya watu bila makazi na kuharibu reli. Huko Unguja maji huja kwa hila zaidi. Paa likivuja, boriti huoza. Boriti ikioza, ukuta hukosa cha kuushika, nao hupasuka, hatimaye huanguka.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, wengi wa waliokuwa wenye nyumba waliondoka. Nyumba zao zilikaliwa na familia kadhaa kwa pamoja, ambazo hazikuwa na uwezo wa kuzitengeneza. Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji huo ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, hatari haikwisha. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu 2 wakapoteza maisha.

Kosa la kawaida katika ukarabati ni saruji. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu. Hufungia maji na chumvi ndani ya ukuta, na jiwe likaanza kumung'unyika. Chokaa huuacha ukuta upumue, lakini huhitaji kurudiwa mara kwa mara, na kila kurudia kuna gharama.

FAIDA YA MGENI

Hapo ndipo mgeni anapohitajika. Nyumba inayolaza wageni ina mtu wa kupanda juu ya paa kila mwaka, na ina fedha za kumlipa fundi. Jengo la zamani la simu, huko Shangani, lilikarabatiwa na kufunguliwa kuwa hoteli mwaka 1997. Jengo la Tembo, lililopata kuwa ofisi ya konseli wa Marekani, nalo ni hoteli iliyotazama bahari.

Lakini biashara ina mipaka yake. Nyumba ya Mambo Msiige, ya katikati ya karne ya 19, ilifunguliwa mwaka 2015 ikiwa sehemu ya hoteli kubwa, baada ya UNESCO kulalamikia ukubwa wa jengo jipya lililoungwa nayo.

Kwa familia ya mfanyakazi, zinazofaa zaidi ni nyumba ndogo za wageni, ambazo bei yake ni ya kitanda na kifungua kinywa. Asubuhi, mara nyingi juu ya paa, huandaliwa chai ya viungo, matunda, mayai na chapati au mandazi, huku majahazi yakipita mbele.

USHAURI KWA MSAFIRI

Safari si ngumu kama ilivyokuwa. Treni ya umeme iliyoanza kazi mwaka 2024 inapita Kilosa, na boti ya Dar es Salaam hadi Unguja huchukua saa 2 hivi. Mfanyakazi na aulize bei ya Watanzania, kwani mara nyingi hutofautiana na ya wageni wa nje. Bei hupungua pia wakati wa masika, na huo ndio msimu wa kuijua nyumba: isiyovuja mwezi wa Aprili imetunzwa.

Ukifika, ndugu msomaji, mwulize mwenye nyumba ametumia chokaa au saruji, na nani hulitazama paa. Usipigilie msumari ukutani, wala usiache bomba likitiririka. Valia kwa heshima, maana vichochoro vile ni makazi ya watu.

Kisha waeleze watoto pembe zilipita njia gani na nani alizibeba. Watakaporudi Rudewa, watajua kwamba ukuta ule ukianguka, kitakachopotea ni mali yao pia.