Babu Zetu Katika Madaftari ya Manowari

Kwa ada yetu watu wa pwani, mtu hujulikana kwa nasaba: Fulani bin Fulani bin Fulani. Asiyeweza kutaja mababa watatu huonekana kama jahazi lisilo na nanga. Lakini wako mababu zetu waliohifadhiwa kwenye makaratasi ya Uingereza hadi leo, na humo hawakuandikiwa hata baba mmoja.

Nasema juu ya mabaharia ambao Waingereza waliwaita "Seedies". Neno hilo asili yake ni la heshima, "sidi", yaani bwana, likageuzwa huko Bara Hindi likawa jina la watu weusi. Katika karne ya 19 manowari za Kiingereza (na hilo neno manowari tumelipata kwao) ziliajiri watu wetu Unguja, Aden na Bombay. Kazi zao zilikuwa zile nzito: kuchochea moto wa makaa katika joto la Bahari ya Sham, kuvuta makasia, kusugua sitaha. Mkubwa wao aliandikwa kwa cheo cha "Tindal".

Manowari HMS London ilitia nanga Unguja tangu 1874, na mashua zake zikaenda kuwinda majahazi ya watumwa. Miongoni mwa hao Seedies walikuwamo waliowahi kuwa watumwa wenyewe. Lo! Dunia hii ina mapinduzi.

Sasa tatizo. Karani wa merikebu hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Jina alilisikia kwa sikio la Kizungu akaliandika alivyosikia; na lilipomshinda, akambandika mtu jina la mzaha. Mwana wa watu ametoka kwao Mbaruku au Feruzi, daftarini akawa Jack au Tom. Alipopokea mshahara aliitika jina hilo, na nyumbani hakulitaja.

Wala hali haikutengenea ilipokuja vita ya 1914. Sanamu ya askari iliyojengwa Mombasa kwa ukumbusho wa vita hiyo ina maandishi ya kuahidi kwamba wana watayakumbuka majina ya waliokufa. Majina yenyewe hayakuandikwa. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Uingereza na Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo anayemtafuta babu yake baharia asianzie London. Aanzie barazani kwa wazee. Asiulize jina tu. Aulize merikebu ipi, miaka gani, alipandia bandari gani, alirudi na kitu gani: kitambulisho, nishani, hata lakabu ya kuchekesha. Lakabu hiyo yaweza ndiyo iliyomo daftarini.

Makaratasi yako Kew, pembeni mwa London, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na kuyasoma pale ni bure. Vitabu vya mishahara vimepangwa kwa merikebu, si kwa watu. Asiyejua merikebu atapapasa gizani. Akiijua, atapata pia kitabu cha safari yake, kilichoandikwa siku kwa siku: merikebu ilipokuwa, upepo ulivyovuma, na mara nyingine baharia aliyefariki na saa aliyozikwa baharini.