Sabuni Isiyopatana na Pete

Mgonjwa akiingia kwa muuguzi mmoja wa kisiwa cha Rusinga uso umevimba, haulizwi kwanza habari za homa. Anaulizwa anaoga kwa sabuni gani, na usiku kabla ya kulala anajipaka nini. Wengi hushtuka. Wamekuja kutibiwa macho yaliyofura, na sasa wanahojiwa mambo ya bafuni!

Mimi nilikuwa nimevuka daraja la Mbita kwa habari nyingine kabisa, ya wageni wanaozuru kaburi la mwanasiasa Tom Mboya kule Kamasengre. Swali hilo likanivurugia mpango. Figo na sabuni, wapi na wapi?

Muuguzi mwenyewe aliomba jina lake lisitokee gazetini. Nitamwita Sista, kama wanavyomwita wachuuzi wa omena.

Sista hupenda kuanza na mkojo wa asubuhi. Mgonjwa huuleta kwenye kichupa safi, naye hukitikisa na kukiweka mezani. Mkojo wowote unaweza kutoa povu ukimwagika kwa kasi, lakini lile la kawaida hutoweka upesi. Linalomtia wasiwasi ni povu zito, linalobaki pale pale hata baada ya yeye kumaliza kuandika jina na umri wa mgonjwa. Kisha huchovya ukanda mwembamba wa kupimia. Kiraka cha protini huanza kikiwa cha manjano. Kadiri protini inavyozidi ndivyo kinavyogeuka kijani. Mwisho hubonyeza muundi wa mgonjwa kwa kidole gumba, akahesabu taratibu na kuachia. Shimo likibaki, mwili umeweka maji.

Maelezo yake kwa mgonjwa huyatoa ufuoni: figo ni wavu wa omena, wenye matundu madogo yanayopitisha maji na takataka na kubakiza kile mwili unachokihitaji. Wavu ukichanika, protini inatorokea kwenye mkojo. Damu ikipungukiwa na protini, maji huvuja na kutuama chini ya ngozi, kwanza kuzunguka macho asubuhi, halafu kwenye vifundo vya miguu jioni.

Na ni nini huuchana wavu wa msichana wa miaka 20 na kitu, asiye na presha wala kisukari? Hapo ndipo sabuni inapoingia. Baadhi ya sabuni na krimu za kung'arisha ngozi hutiwa zebaki, kwa sababu zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake. Haiishii juu ya ngozi. Hupenya, ikaingia damuni, na sehemu kubwa yake huenda kujikusanya kwenye figo. Kwa baadhi ya watumiaji, kinga ya mwili huchokozeka na kuanza kushambulia vichujio vyenyewe.

Nilimuuliza mtu wa kawaida ataijuaje bidhaa hiyo, maana herufi za kwenye pakiti ni ndogo na lugha ni ya wakemia. Alinipa alama kadhaa. Neno lenyewe, mercury, au kifupi chake Hg, au calomel. Lakini alama niliyoipenda, ambayo Shirika la Afya Duniani nalo huitaja, imejificha kwenye maagizo ya matumizi: pakiti ikikuonya usiiguse bidhaa hiyo ukiwa umevaa pete au mkufu wa dhahabu au fedha, shuku zebaki. Zebaki hushikamana na dhahabu na kuiharibu. Mtengenezaji anaihurumia pete yako.

Tabia hiyo hiyo ndiyo inayowalisha wachimbaji wadogo wa Migori, upande wa Macalder na Osiri. Wao huimwaga zebaki kwenye mchanga uliosagwa, ikazikamata chembe za dhahabu. Kisha donge huchomwa, zebaki ikapaa kwa moshi na dhahabu ikabaki. Moshi ule wanauvuta wao wenyewe, na mara nyingi pia watoto waliosimama karibu. Kwa hiyo mtu wa eneo hili akisikia zebaki, atafikiria mgodi, au samaki aliyenaswa kwenye maji machafu.

Hata Masazumi Harada alifikiria hivyo. Huyu alikuwa daktari wa Kijapani aliyetumia maisha yake kwa wahanga wa Minamata, mji ambao zebaki ya kiwandani iliingia baharini, ikaingia kwenye samaki, ikawalemaza watu. Katika miaka ya 1990 alikuja Ziwa Victoria kuchunguza kama dhahabu ingetuletea Minamata yetu. Yeye na wenzake walipima nywele za wachimbaji, wavuvi na familia zao, na watu wa mjini. Katika matokeo ya Tanzania yaliyochapishwa mwaka 1999, baadhi ya watu wenye viwango vya kutisha hawakuwa wachimbaji, na aina ya zebaki iliyokutwa haikuwa ile itokanayo na samaki. Walikuwa wakioga kwa sabuni ya zebaki. Mwaka 2001 wakachapisha ripoti ya Kenya, wakizinyooshea kidole sabuni za kung'arisha ngozi zilizotengenezwa Ulaya. Daktari amevuka bahari kumkamata samaki, akakuta mshukiwa ameketi kwenye kisahani cha bafuni.

Madaktari wa figo walikuwa wameshayaona haya mapema zaidi. Mwaka 1972 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 wa Nairobi waliovuja protini na kuvimba. Zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za zebaki. Baadhi yao walipata nafuu kwa kuziacha tu. Miaka miwili baadaye daktari wa Uganda, John Kibukamusoke, na wenzake wakaandika kuhusu krimu hizo hizo katika jarida hilo hilo. Zaidi ya nusu karne imepita, na Sista bado anauliza habari za sabuni.

Si kwamba sheria hazipo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki ulianza kutumika mwaka 2017, na mwaka 2023 mataifa yalikubaliana kuondoa hata kile kiwango kidogo cha zebaki kilichokuwa kimeruhusiwa kwenye vipodozi. Shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, limewahi kutoa orodha za vipodozi vilivyopigwa marufuku. Orodha ina majina. Kikopo kilichojazwa upya kwa kijiko na kuuzwa kibandani hakina jina.

Sista hapendi nitoke nikidhani kila figo mbovu imeharibiwa na urembo. Anaowaona zaidi ni watu wa presha isiyopimwa, kisukari, virusi vya Ukimwi na sikoseli. Malaria nayo imo. Kibukamusoke huyo huyo aliandika kitabu kizima mwaka 1973 kuhusu aina moja ya malaria na figo. Na kuna vidonge vya maumivu. Mvuvi aliyevuta nyavu usiku kucha hununua diklofenaki asubuhi, kesho tena, keshokutwa tena, na dawa za namna hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo. Wanaokuja wakishika kiuno na kulia figo, asema, mara nyingi wana misuli iliyochoka. Figo inayokufa polepole huwa haiumi. Hujitambulisha kwa uchovu, kuwashwa, kichefuchefu, mkojo uliopungua au wenye rangi ya soda nyeusi, na wakati huo sehemu kubwa imeshakwenda. Ushauri wa kunywa maji kwa wingi ili kuosha figo humkera: kwa aliyevimba, maji ya ziada yanaweza kuishia kwenye mapafu.

Figo zikishindwa kabisa, kinachofuata kila mtu anakijua. Safari ya Homa Bay, mashine ya kusafisha damu, mara mbili au tatu kwa wiki. Bima ya SHA hulipia mashine. Haimlipi anayekosa siku sokoni.

Sista hana kipimo cha zebaki, wala hajui cha karibu kiko wapi. Anachoweza ni kumwambia mgonjwa aache sabuni hiyo, ailete, aandikiwe barua ya kwenda hospitali kupimwa kreatinini, na mkojo urudiwe. Wengine hurudi. Wengine, akiwauliza nani huwauzia, hunyamaza, kwani muuzaji ni shemeji au jirani.

Siku niliyokuwapo, mama mmoja alisikiliza yote hayo kisha akauliza kuhusu mtoto wake wa miaka minne, anayelala naye na kufutwa kwa taulo lile lile. Sista alimjibu kuwa zebaki huhama kwa taulo na kwa kugusana. Akamwambia afue matandiko yote, na Jumatatu aje na mtoto na mkojo wake wa asubuhi.